Rili ya spining au beitkasta kwa samaki besi: mwongozo kamili wa kuchagua, kufunga na kurusha bila mshipi kutatana

Hili swali la kuchagua rili (kifaa cha kukunjia mshipi), iwe spining au beitkasta, nimeshalijibu mara nyingi mpaka nimeona bora niandike kila kitu mahali pamoja. Mtu anaona wavuvi wa mashindano wana beitkasta sita zimelazwa kwenye boti, na yeye anakimbia kununua moja, anafika majini anafunga chambo cha gramu 5, anarusha kwa nguvu zake zote, mshipi unatatana kama nywele za mtu aliyetoka usingizini, anakaa nusu saa anachokoa na kucha, mchana umeisha. Wiki ya pili rili iko kabatini. Mwingine ana spining safi kabisa lakini anavua nayo katikati ya magugu mazito kwa mshipi wa paundi 8 (yaani uzito unaouhimili kabla ya kukatika), samaki anazama kwenye majani, mshipi unakatika, jamaa anarudi nyumbani anasema besi wa pale ni wajanja sana.

Wala mikono yao haina shida, wamebeba chombo kisichofanana na kazi. (Na besi ninaemsema ni yule samaki wa maji baridi, wa mdomo mkubwa na ndugu yake wa mdomo mdogo, sio besi ya spika.)

Shika hili kwanza: uzito wa chambo na unene wa mshipi ndio vinavyokuchagulia rili. Muonekano, umri wa uvuvi wako, sijui fulani anatumia nini, hayo yote yanakuja nyuma.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Chambo bandia zako zote unazotumia kweli. Sio zile unazopanga kununua.
- Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu, maana pakiti zenye maandishi huwa zimeshatupwa.
- Rodi (fimbo ya kuvulia) yako kama unayo tayari. Juu kidogo ya mpini kuna maandishi ya uzito wa chambo na nguvu ya mshipi, yafute vumbi uyasome.
- Mshipi wa nailoni wa paundi 12 au 14 kwa ajili ya kujifunzia beitkasta. Kwa spining, bredi (ule mshipi wa kusukwa) ya paundi 10 hadi 15 na florokaboni (mshipi usioonekana kirahisi majini) ya paundi 8 ya kuunganisha mbele.
- Uzito wa mazoezi wa gramu 14 hivi usio na ndoano. Narudia, usio na ndoano.
- Tepu ya plastiki, mkasi, kitambaa kilicholowa, penseli.
- Mizani ya kuning'iniza ya kupimia samaki, tutaihitaji mwishoni.
- Uwanja wa majani. Lami na zege vinachubua mshipi na chambo, usifanyie mazoezi hapo.

## Hatua ya 1: Elewa kwanza mshipi unatokaje

Usiruke hatua hii hata kama unaona unajua. Chukua kibiringo cha uzi wa cherehani. Kisimamishe mezani, vuta uzi kwa juu. Uzi unachomoka wenyewe mduara mmoja mmoja, kibiringo hata hakitikisiki. Hiyo ndio spining. Spuli yake (kile kibiringo cha rili kinachobeba mshipi) imetulia tuli wakati wa kurusha, chambo kinavuta mshipi tu na sio kitu kingine, ndio maana hata kachambo kepesi kanakwenda.

Sasa pitisha penseli katikati ya kile kibiringo, shika penseli mlalo, vuta uzi. Kibiringo kinazunguka. Vuta kwa kasi afu simama ghafla. Umeona? Mkono wako umesimama lakini kibiringo bado kinazunguka na uzi umejaa hewani, umelegea, unajikunja. Hiyo ndio beitkasta, na huo uzi uliojaa ndio matata yote unayoyasikia watu wanalalamikia.

Kwahiyo beitkasta inataka chambo chenye uzito wa kutosha kuizungusha spuli, na inataka mtu wa kuizuia spuli chambo kikipunguza mwendo. Huyo mtu ni dole gumba lako. Faida yake ni kwamba mshipi unatoka na kuingia ukiwa umenyooka, haupindwi kama kwenye spining, kwahiyo mshipi mnene na wenye nguvu unakaa vizuri, na wewe unapata kuvuta kwa nguvu na kuangusha chambo pale pale ulipotaka.

Umefaulu hatua hii ukiweza kumweleza mtu mwingine kwanini spining haina matata ya aina hiyo. Kama bado, rudia na penseli.

## Hatua ya 2: Pima chambo zako, zigawe mafungu matatu

Mwaga boksi mezani, pima moja moja pamoja na ndoano na risasi yake, vile vile kinavyorushwa. Mnyoo wa plastiki peke yake unaweza kuonekana mwepesi lakini ukishawekewa risasi ya gramu 10 ni habari nyingine.

Fungu la kwanza ni chini ya gramu 7. Hayo ni ya spining, usibishane. Kuna beitkasta maalum zenye spuli nyepesi na fupi zilizotengenezwa kwa chambo vidogo, zipo na zinafanya kazi, lakini sio mahali pa kuanzia.

Fungu la pili, kuanzia gramu 10 au 11 kwenda juu. Hapo beitkasta inaanza kufurahia maisha.

Fungu la tatu ni la katikati, 7 hadi 10, na hapo ndipo ubishi wote ulipo. Zote mbili zinaweza, mshipi ndio utaamua kwenye hatua inayofuata. Angalia na umbo pia: chambo cha gramu 10 kilicho chembamba kama risasi kinaruka vizuri, cha gramu 10 hizo hizo kikiwa kipana na chenye kushika upepo kinapunguza mwendo haraka hewani na spuli haina habari, inaendelea kuzunguka. Chambo cha namna hiyo mwanzoni kipeleke spining.

Ukimaliza utaona fungu moja limezidi mengine waziwazi. Kwa watu wengi ninaokutana nao wakibishania beitkasta, fungu kubwa ni lile la kwanza! Yaani mtu anataka rili ambayo robo tatu ya boksi lake haiwezi kuirusha.

## Hatua ya 3: Angalia unavulia wapi

Maji ya wazi, masafi, samaki wanaona kila kitu: unahitaji mshipi mwembamba, na mshipi mwembamba na spining ni damu moja. Nailoni au florokaboni ya paundi 6 hadi 10. Au fanya kama mimi, bredi ya paundi 10 mpaka 15 na kipande cha florokaboni ya paundi 8 mbele, urefu wa rodi au zaidi kidogo. Bredi ya paundi 10 ni nyembamba kuliko nailoni ya paundi 6, inaruka mbali, haishiki ukunjo wa spuli, na ukiguswa chini kule unasikia mkononi mara moja.

Magugu, miti iliyozama, mawe yenye makali: hapo hamna mjadala wa wembamba. Besi akishika chambo kwenye magugu anageuza kichwa kurudi ndani, na una sekunde mbili tatu za kumtoa. Florokaboni ya paundi 15 hadi 20, au bredi ya paundi 50 hadi 65 kwa chambo cha chura kinachotambaa juu ya majani. Mshipi wa hivyo ni kazi ya beitkasta.

Mtu ataniuliza, kwani nikiweka mshipi mnene kwenye spining kutakuwaje? Nailoni au florokaboni ikishapita paundi 12 hivi inakuwa ngumu kama springi, inaruka kutoka kwenye spuli yenyewe, miduara inagonga pete ya kwanza ya rodi, mrusho unakufa nusu ya njia. Na kwenye spining mshipi unakata kona kwenye kile kigurudumu kidogo kabla haujafika kwenye spuli, kwahiyo nguvu ya kuvuta mzigo mzito sio sawa na beitkasta ambayo mshipi unaingia moja kwa moja.

Kwa mitindo yenyewe, spining ipewe dropshoti (ndoano juu, risasi chini yake), Ned rigi (kimnyoo kifupi kwenye kichwa kidogo cha risasi), mnyoo uliotobolewa katikati bila risasi, vichwa vidogo vya jigi (ndoano yenye kichwa cha risasi), na visamaki vidogo vya plastiki. Pia kule kurusha chambo kidunde juu ya maji kiingie chini ya matawi, beitkasta inaweza lakini kosa moja tu na umeshika mkasi. Beitkasta ipewe mnyoo wa mtindo wa Texas (ncha ya ndoano imefichwa ndani ya mnyoo) wenye risasi ya maana, jigi za gramu 10 na kuendelea, spinabeti (chambo chenye kibapa kinachozunguka), krenki za kuzama (visamaki vigumu vyenye ulimi mbele), chura, na ule uvuvi wa karibu wa kudondosha chambo kwenye tundu la majani, maana pale unabonyeza kitufe kwa dole gumba, chambo kinashuka, umemaliza, mkono wa pili haujafanya chochote.

Uamuzi wangu kwa anaetaka moja tu: nunua spining. Itarusha karibu kila kitu kwa uzuri wa kutosha. Isipokuwa kama maji yako ni majani matupu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, hapo anza na beitkasta na ukubali mwezi mmoja wa mateso.

## Hatua ya 4: Soma namba kwenye boksi la rili

Spining: ukubwa wa 2500 au 3000. Basi. Watu wananunua 5000 wakidhani kubwa ndio nguvu, mwisho wa siku bega linauma na rodi imeinamia mbele kama mzee wa mkongojo. Besi mkubwa kabisa anaetambuliwa kwa rekodi ya dunia, yule wa Georgia Marekani mwaka 1932, alikuwa paundi 22 na aunsi 4, yaani kilo 10 na kidogo, na mwenzake wa Japani mwaka 2009 akamfikia. Wewe na mimi tunavua wa kilo moja, moja na nusu. Usinunue rili ya jodari.

Gia: namba kama 5.2:1 maana yake ukizungusha mkono wa rili mara moja, kile kinachokunja mshipi kinazunguka mara 5.2. Kwenye spining chochote kati ya 5.2 na 6.2 kinatosha.

Kwenye beitkasta namba hii ina uzito zaidi. Gia ya chini, 5.4 hivi, ni ya krenki zinazozama sana, kwa sababu zile zinavuta maji kwa nguvu na gia ya juu itakuchosha na pia itakufanya uivute kwa haraka kuliko inavyotaka. Gia ya 8 ni ya jigi na chura, ambapo unachezesha chambo kwa rodi na samaki akibeba unatakiwa ukusanye mshipi uliolegea chap kabla hujampiga ndoano. Rili ya kwanza iwe 6.3 mpaka 7.1, inaingia kila mahali.

Onyo: mkono wa spining unauhamisha kulia au kushoto ukitaka. Wa beitkasta hauhamishiki! Imetengenezwa ya kulia au ya kushoto na itabaki hivyo mpaka inakufa. Simama dukani, jifanye unarusha, angalia mkono gani unabaki na rodi, ndio ununue.

Idadi ya beringi isikutishe wala isikuvutie. Beringi tano nzuri zinashinda kumi na mbili za ovyo, na nje ya boksi hawaandiki kama ni za ovyo.

## Hatua ya 5: Rodi ilingane na rili

Hapa hapahitaji maneno mengi. Spining inaning'inia chini ya rodi, na rodi yake ina pete ya kwanza kubwa ili imeze ile miduara ya mshipi. Beitkasta inakaa juu, pete ni ndogo na ziko juu, na kwenye mpini kuna kikulabu cha kuzungushia kidole. Usichanganye. Ukifunga spining kwenye rodi ya beitkasta mshipi utagonga zile pete ndogo na hutafika popote, na kinyume chake utakuwa umeshika kitu kinachojipindua mkononi.

Kwa kuanzia, mita 2.1 inafaa kwa zote mbili. Ya spining iwe ya nguvu ya kati, ya beitkasta iwe kati kuelekea nzito.

## Hatua ya 6: Jaza mshipi vizuri, nusu ya lawama za rili zinatokea hapa

Spining: laza kibiringo cha mshipi chini, lebo ikitazama juu. Pitisha mshipi kwenye pete, fungua ule waya wa beili (upinde unaofunguka pembeni ya spuli), funga kwenye spuli, funga beili, bana mshipi kwa kitambaa kilicholowa, zungusha mara 20. Simama. Legeza mshipi kidogo uangalie: ukijisokota kama kamba ya pasi, geuza kibiringo lebo iangalie chini na uendelee. Jaza mpaka ibaki milimita 2 au 3 kufika ukingo wa spuli. Ukijaza kupita hapo mafungu yataanguka yenyewe, ukijaza pungufu mshipi utasugua ukingo na chambo hakitafika mbali.

Beitkasta: penseli ndani ya kibiringo, mtu akushikie huku kinazunguka, wewe unabana na kitambaa. Acha milimita 3. Anza na nailoni hata kama umeshanunua bredi. Nailoni ikitatana miduara yake inakuwa mikubwa na unaitoa kwa kuvuta, bredi ikitatana inajichimbia ndani ya yenyewe na unaishia na mkasi.

Na ukiweka bredi kwenye rili yoyote, tanguliza mizunguko kadhaa ya nailoni au kipande cha tepu. Bredi ni telezi, ikifungwa kwenye chuma kitupu inazunguka mzima mzima kama pete kwenye kidole chembamba na wewe utadhani dragi (breki inayoachia mshipi samaki akivuta) imekufa.

## Hatua ya 7: Tega beitkasta kabla hujarusha hata mara moja

Hapa ndipo watu wanapofeli na hapa ndipo tutakaa.

Mimi mwenyewe rili yangu ya kwanza niliitoa kwenye boksi, nikafunga krenki ndogo ya gramu 6, nikasimama nikiutazama upepo, nikarusha. Chambo kiliruka mita nne hivi. Spuli ililia vuuuu, kikatokea kitu kama sufuria la tambi limemwagika juu ya rili, na nilikata mshipi kwa kisu mpaka nikafika kwenye chuma. Mrusho mmoja! Sikuwa nimegusa hata kitufe kimoja, nilijua imetoka kiwandani imeshategwa.

Fanya hivi.

Kwanza, kitasa cha kubana spuli. Kile kidogo cha duara upande wa mkono wa rili, chini ya ile nyota ya dragi. Funga uzito wako wa mazoezi, inua rodi kidogo kupita usawa wa bega, bonyeza kitufe cha kuachia. Uzito ukidondoka kwa kasi, kaza. Usiposhuka, legeza. Unataka ushuke polepole, na ukigusa chini spuli isimame hapo hapo bila kulegeza mshipi hata mzunguko mmoja. Kitasa hiki kinarudiwa kila ukibadilisha chambo, kila mara, hata kama tofauti ni gramu 3.

Pili, breki. Ziko upande wa pili. Za sumaku zina kitufe cha namba nje, unazungusha tu. Za vitufe vidogo ziko ndani ya kifuniko, vinasukumwa nje spuli ikizunguka kwa kasi, unavifungua viwili viwili vinavyotazamana ili spuli isiyumbe. Kwa kuanzia weka breki karibu na mwisho, kama ni mpaka 10 weka 8 au 9. Najua itafupisha mrusho, vumilia.

Tatu, tepu. Hii ndio itakayokuokoa. Vuta mshipi kwa mkono mpaka umbali wa mita 30 hivi, kisha bandika kipande cha tepu juu ya mshipi uliobaki kwenye spuli, kunja ule uliovuta juu yake. Sasa hata ukitatana vipi, matata hayapiti tepu. Ukizoea unaitoa.

Nne, mrusho wenyewe. Acha uzito uning'inie kiasi cha kiganja na nusu kutoka ncha ya rodi. Pindisha kiganja mkono wa rili utazame juu, hiyo inaulegeza mkono wako. Dole gumba juu ya spuli, bonyeza kitufe, dole libaki pale pale. Rudisha rodi nyuma taratibu, iache ncha ipinde kwa uzito, peleka mbele kwa mwendo laini unaoongezeka na achia dole ncha ikiwa inakaribia kutazama unakotaka. Usichape kama unafukuza mbuzi. Kule kuchapa ndio kunaifanya spuli iondoke kwa kasi kuliko chambo.

Tano, dole. Chambo kikiwa hewani dole liwe linaigusa spuli kwa wepesi, kama unaangalia pasi imepata moto. Chambo kikikaribia maji, bana kabisa. Kabla, sio baada. Ukichelewa hata kidogo chambo kimesimama juu ya maji na spuli bado iko safarini.

Rusha mita 15 mpaka 20 tu. Ukiona mirusho kumi imekwenda bila mshipi kuvimba, punguza breki namba moja. Kumi tena, namba moja tena. Mshipi ukianza kuinuka kwenye spuli kama unataka kutoka, rudisha moja. Hapo ndipo pako kwa chambo hicho.

Umefaulu ukirusha mara kumi kwa mita 20, ukapata nane safi, na mbili zilizobaki ukazitatua bila mkasi. Usisubiri kumi kwa kumi, hata wenye miaka mingi wanatatana.

Onyo la upepo: ukirusha kukabili upepo ongeza breki namba mbili, na rusha kwa ubavu, chambo kipite chini chini. Ikizidi, chukua spining, hakuna anaekuhesabia.

## Hatua ya 8: Ukitatana, fanya hivi kabla ya kuchomoa kisu

Usivute kwa hasira. Kaza dragi mpaka mwisho, bana spuli kwa dole gumba kwa nguvu, na huku umebana zungusha mkono wa rili mizunguko mitatu minne. Dole linailaza ile miduara iliyosimama. Sasa bonyeza kitufe cha kuachia na uvute mshipi taratibu kwa mkono. Mara nyingi unatoka kama hakukuwa na kitu. Ukigoma, tafuta ule mduara uliokatiza juu ya mshipi unaotoka, uinue kwa kucha, rudia kubana na kuzungusha. Ikishindikana mara tano hapo ndio mkasi.

Ukishatoa, pitisha vidole kwenye huo mshipi. Ukisikia palipovunjika au pana alama nyeupe, kata upoteze mita zako chache. Samaki atakayekatikia hapo atakuuma zaidi.

Na rudisha dragi ilipokuwa! Hiyo inasahaulika kila siku.

## Hatua ya 9: Spining nayo ina visirani vyake

Kwa kuwa haitatani mara ya kwanza watu wanadhani haina masharti. Inayo, yanajilimbikiza tu, mwezi wa pili unashangaa mshipi unatoka kwenye spuli kama rundo la nyavu.

Funga beili kwa mkono, sio kwa kuzungusha mkono wa rili. Ukiifunga kwa kuzungusha mduara mmoja unabaki umelegea juu ya spuli, mrusho unaofuata unatoka pamoja na wenzake. Ukishafunga, vuta mshipi kidogo kwa vidole mpaka ukaze, ndio uanze kukunja.

Chambo kikikaribia kutua, gusa ukingo wa spuli kwa kidole cha shahada. Mshipi unanyooka, na chambo kinatua kwa adabu.

Halafu lile kosa kubwa: samaki anavuta, dragi inalia, na wewe bado unazungusha. Kila mzunguko wako hapo haumleti samaki, unausokota mshipi tu, na kwa gia ya 6.2 ni misokoto sita kwa mzunguko mmoja wa mkono. Dragi ikilia, tulia. Inua rodi, shusha rodi huku unakunja, inua tena.

Ukishausokota, toa chambo kabisa, achia mshipi mtupu nyuma ya boti inayotembea polepole kwa dakika chache, au uburute uwanjani kwenye majani. Unajisokotoa wenyewe.

## Hatua ya 10: Pima dragi kwa mizani, acha kukisia

Funga ncha ya mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, rodi imepinda kama una samaki, mtu avute mizani taratibu. Angalia namba pale dragi inapoanza kuachia. Kwa spining iwe robo mpaka theluthi ya nguvu ya mshipi, kwahiyo florokaboni ya paundi 8 inataka kilo 0.9 hadi 1.2. Itakushangaza ilivyo laini, watu wengi wanaivulia kwa mara mbili ya hapo halafu wanalaumu fundo.

Beitkasta yenye florokaboni ya paundi 15 ifuate hesabu hiyo hiyo. Yenye bredi ya paundi 50 kwenye magugu, kaza karibu na mwisho, kule hutaki kumpa samaki hata shubiri moja.

Jioni ukirudi, legeza dragi zote mbili mpaka ziwe huru kabla ya kuziweka, maana zile sahani za ndani zikikaa zimebanwa wiki nzima zinashikana, na safari ijayo dragi itaanza kuachia kwa kushtuka shtuka. Kwa hiyo mizani ikae kwenye boksi moja na chambo, utaihitaji tena asubuhi.